Jina na Dhamana Yake

Jioni hii nakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kudhaniwa kuwa ni la watu wachache wenye shahada, nalo ni adabu zinazompasa mtu apelekaye utafiti wake katika jarida la ilimu ili upate kuchapwa na kusomwa na maulamaa wenzake. Walakini nataraji kuonyesha kwamba jambo hili latuhusu sisi tusioandika makala hizo pengine kuliko linavyowahusu wenye kuziandika, kwa kuwa ndani yake mna maneno yetu, na damu yetu, na habari za mashamba yetu na za wazee wetu, na tena kwa kuwa watoto wetu sasa wamo vyuoni, wengine papa hapa Gitega, mji uliofanywa makao makuu ya siasa ya Burundi mwaka 2019, nao kesho au keshokutwa watatakiwa kutia majina yao juu ya kazi wanayodai kuwa wameifanya.

Jarida la ilimu, kwa asiyepata kuliona, halifanani na gazeti. Mtafiti huandika makala yake akaipeleka kwa mhariri, na mhariri akiona yafaa huwapa wajuzi wawili au watatu wa fani ile ile, ambao aghalabu mwandishi hawajui, waisome na kuitoa kasoro. Wakiridhika, makala hutoka. Kazi hiyo ya wajuzi ni njema, lakini ina mpaka wake. Mjuzi yule hakuwapo kwetu Muyinga siku dodoso lilipojazwa, wala hakuiona damu ikitiwa katika kichupa, wala hana njia ya kujua kama mzee aliyenukuliwa yu hai au amebuniwa. Yeye husoma karatasi tu. Kwa hiyo jengo zima la ilimu ya leo, pamoja na mashine zake na fedha zake, limesimama juu ya kuaminiwa kwa mtu aliyetia jina lake, na ndiyo maana mimi nashikilia kwamba katika sharti zote wanazowekewa waandishi, nazo ni nyingi, la kwanza ni hili la jina: aliyefanya kazi atajwe, na aliyetajwa awe ameifanya, na awe tayari kuulizwa.

Sisi Waswahili tunacho kisa katika jambo hili, na ni ajabu kwamba hatukisimulii mara nyingi. Mwaka 1903 kilichapwa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichoeleza habari za watu wa pwani tangu mtoto kuzaliwa hata mtu kuzikwa, arusi na unyago, kilimo na madeni, ngoma na uganga na hukumu za sheria, kwa Kiswahili fasaha ambacho mpaka leo anayetaka kuyajua maisha ya Bagamoyo ya zamani hana budi kukirejea. Jina lililowekwa jaladani lilikuwa la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki mjini Berlin, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani katika Afrika Mashariki. Bali mkono ulioandika sehemu kubwa ya maneno yale ulikuwa wa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyesoma Kurani na ilimu za dini kwao, kisha akaenda Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha yake katika chuo kile kile.

Haki isemwe, maana insafu ni wajibu hata kwa asiyekuwapo kujitetea: Velten hakudai kuwa mambo yale ameyazua kichwani mwake, na katika kitabu kilichotangulia, Safari za Wasuaheli cha mwaka 1901, kila msafiri aliwekewa jina lake juu ya habari zake, na Mtoro mwenyewe yumo kwa safari yake ya Udoe. Kilichotendeka ndicho kilichokuwa ada ya zama zile, ambapo mkusanyaji wa Kizungu alihesabiwa kuwa mwenye kitabu, na mwenyeji alihesabiwa kuwa chemchemi ya habari, na chemchemi haiandikwi jaladani. Mtoro akaoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, akaandamwa na chuki za rangi hata akaacha kazi. Aliposafiri na mkewe kurudi kwao mwaka 1905, wakubwa wa koloni hawakumruhusu kushuka naye, basi wote wawili wakarejea Ujerumani, akaishi huko mpaka alipofariki Berlin mwaka 1927. Jina lake lilikuja kusimama juu ya kitabu chake mwaka 1981, pale tarjuma ya Kiingereza iliyofanywa na J.W.T. Allen ilipotolewa na matbaa ya Chuo Kikuu cha California, ikitamka katika kichwa chake kuwa desturi hizi ni za Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengineo. Tangu 1903 hata 1981 ni miaka 78, na muda huo wote mwanafunzi aliyetaka kutaja asili ya habari zile aliandika "Velten", akaona ametimiza adabu.

Lenye kuzidisha uchungu ni kuwa watu waliosoma kama alivyosoma Mtoro hawakuwa wageni wa adabu hii hata kidogo. Maulamaa wa hadithi walikwisha kuthibitisha, zaidi ya miaka elfu iliyopita, kwamba neno halipokelewi mpaka isnadi yake ijulikane: fulani kalipokea kwa fulani, naye kwa fulani, hata kufika kwa aliyesikia kwa masikio yake, na kila mmoja katika silsila ile aliulizwa habari zake, kama alikuwa mkweli, kama hifadhi yake ilikuwa njema, kama kweli alikutana na yule anayedai kumpokelea. Na aliyelificha jina la aliyempokelea ili ionekane kuwa amepokea moja kwa moja kwa mkubwa, alitiwa katika hesabu ya wenye ila, na riwaya zake zikaangaliwa kwa shaka, hata kama maneno yenyewe yalikuwa kweli. Naomba jambo hili lizingatiwe: kosa lilikuwa katika kuficha njia, wala si lazima neno liwe la uongo. Jan Vansina, mwanahistoria wa Kibelgiji aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Burundi hii katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, akayatolea kitabu mwaka 1972, alikuwa amekwisha kuwahimiza wenzake, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya mapokeo ya mdomo, wautazame mnyororo wa mashahidi ambao masimulizi yamepitia kabla ya kuyafanya historia. Na wapo wanachuo wa Ulaya walioliona hilo kuwa jambo jipya, ilhali mwalimu yeyote wa chuo cha Kurani pale mtaani kwetu Yoba angewaeleza asili yake kabla kahawa haijapoa.

Tuje sasa kwenye kanuni za leo. Wahariri wa majarida ya utabibu walianza kukutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978, na katika miaka iliyofuata wakaweka sharti za nani ahesabiwe mwandishi, ambazo sasa zafuatwa na majarida mengi mno duniani. Kwa mujibu wake mtu hawi mwandishi mpaka atimize mambo manne yote pamoja: awe ameshiriki kwa kiasi kikubwa katika kuiwaza kazi, au kukusanya habari zake, au kuzichambua, awe ameiandika au kuisahihisha kwa ilimu, awe ameikubali nakala ya mwisho, na awe amekubali kujibu juu ya kazi nzima, si juu ya kipande chake tu. La nne liliongezwa mwaka 2013, na kwa rai yangu ndilo lililochelewa kuliko yote, kwani kabla yake mtu aliweza kula sifa za makala ikisifiwa, na ikigunduliwa kuwa na uongo akasema kuwa ukurasa ule haukuwa wake.

Sharti hizi zikishikwa kwa nia safi, humzuia mkubwa wa idara ambaye hakuiona hata karatasi moja ya utafiti lakini jina lake limo, kwa sababu ndiye aliyetia sahihi ruhusa ya gari. Na humzuia mwanafunzi anayemtia mwalimu wake kwa hofu, au mwalimu anayemtoa mwanafunzi wake kwa kiburi. Mambo haya yapo kila bara, wala tusijidanganye kuwa ni ya Afrika peke yake. Lakini zikishikwa kwa hila, sharti hizo hizo zina tundu. Kijana aliyezunguka vilima akikusanya habari hakuitwa kuandika, na kwa kuwa hakuandika si mwandishi, na kwa kuwa si mwandishi hutupwa katika mstari wa shukrani, kule mwisho, penye herufi ndogo. Wahariri wenyewe waliliona tundu hilo, wakatamka wazi kuwa sharti zisitumiwe kumvua mtu haki yake kwa kumnyima kwanza nafasi ya kuandika. Sina yakini kuwa wengi wanaojaza fomu za majarida husoma hata kufika mstari huo. Mimi binafsi niliwahi kukaa na jopo moja la watafiti, nikifasiri majibu ya Kirundi na ya Kiswahili kwa lugha waliyoitaka, nikiwaeleza kwa nini mama fulani alicheka mahali pasipostahili kicheko, na kwa nini jibu la "ndiyo" katika nyumba fulani lilikuwa na maana ya "tafadhali ondokeni". Makala ilipotoka ilisema kuwa mahojiano yalifasiriwa. Na nani, haikusema.

Jirani zetu wa Kongo wana kisa kikubwa kuliko hiki changu. Mwaka 1976 Daktari Jean-Jacques Muyembe Tamfum alifika Yambuku, katika misheni ya Wabelgiji kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, penye maradhi yaliyokuwa yakiua watu bila ya kujulikana jina. Akatoa damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, akaona damu haiachi kuchuruzika mahali alipochoma sindano, na mtawa mmoja aliyekuwa na homa akaenda naye mpaka Kinshasa, na damu ya mtawa yule ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai. Kirusi kilipoonekana kwa hadubini na kupewa jina la mto Ebola, sifa zilimiminika zaidi kwa walioipokea chupa kuliko kwa aliyeitoa damu iliyokuwamo, na kwa miaka mingi jina lililotajwa vitabuni na magazetini lilikuwa la Peter Piot, mtaalamu kijana wa Antwerp, na si la Mkongomani aliyetangulia kuinama mbele ya wagonjwa.

Bali kisa hiki hakikuishia katika dhuluma, na ndiyo sababu nakipenda. Ebola ilipozuka Kivu ya Kaskazini na Ituri mwaka 2018, katika miji ya Beni na Butembo ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya hospitali, Muyembe alikuwa mkuu wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, naye akaongoza pamoja na Wamarekani majaribio ya dawa nne kwa wagonjwa 681. Majaribio yale yalipewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, na makala yake ilipotoka katika jarida kubwa la utabibu la New England mwishoni mwa mwaka 2019, jina la kwanza lilikuwa la Sabue Mulangu, Mkongomani, na la Muyembe likiwamo. Katika dawa mbili zilizoshinda nyingine, moja ilitengenezwa kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, mji ule ambako Muyembe na wenzake walithubutu kuwatia wagonjwa wanane damu za waliopona, wakapona saba. Tofauti ya 1976 na 2019 haikuja kwa huruma ya majarida. Ilikuja kwa kuwa Wakongomani walikuwa na maabara yao, na wataalamu wao, na uwezo wa kusema kuwa damu haitoki nchini pasipo mapatano.

Hao ni watu waliokosa jina. Sasa nitawaeleza juu ya jina lililokosa mtu. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alitunga makala ya uongo juu ya dawa ya saratani, yenye makosa ambayo hata mwanafunzi wa kemia angeyaona, akaipeleka kwa majarida 304 yanayotoza waandishi fedha ili yawachapishie. Majarida 157 yaliikubali, 98 yakaikataa, na mengine hayakujibu au yalikuwa bado yakingoja. Majarida ya namna hiyo yapo mpaka leo, na barua zake zenye sifa nyingi, ambazo humwita kila mtu "profesa mtukufu", huwafikia wanafunzi wetu katika simu zao. Yeyote aliyeahidiwa kuwa makala yake itasomwa na wajuzi na kutoka katika muda wa juma moja, na alipe kwanza, ajue kuwa amefika dukani, hakufika kwenye ilimu. Lakini kilichonigusa mimi katika mtego ule ni mahali alipouwekea chambo. Bohannon aliwabuni waandishi wake kwa kuchanganya majina ya Kiafrika, mmoja akamwita Ocorrafoo Cobange, akampa chuo cha utabibu mjini Asmara ambacho hakikuwapo, naye akaeleza sababu: mhariri akiwatafuta watu wa nchi zetu asiwaone katika intaneti, hatashuku neno. Yaani tumekuwa watu ambao kutoonekana kwao ni jambo la kawaida, hata mtu akitaka kutunga mwandishi asiyekuwapo, huja kuchukua jina kwetu.

Na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipokuwa yametanda, jarida la Lancet la London lilichapa tarehe 22 Mei makala iliyodai kuwa imechunguza wagonjwa 96,032 wa hospitali 671 katika mabara sita, Afrika ikiwamo, ikasema kuwa dawa ya hydroxychloroquine huzidisha vifo. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa siku kadhaa sehemu ya majaribio yake iliyohusu dawa hiyo. Wataalamu wengi wakaandika barua ya wazi kuuliza takwimu zile zimetoka wapi, na miongoni mwa maswali yao lilikuwamo la hospitali za Afrika, kwamba ni zipi hizo zenye daftari za kompyuta zilizokamilika namna ile. Yeyote aliyepanga foleni hospitalini kwetu na kijitabu chake cha karatasi mkononi angeliuliza swali hilo siku ya kwanza. Kampuni iliyodai kuzimiliki takwimu ilikataa kuzionyesha, na tarehe 4 Juni waandishi watatu kati ya wanne wakaifuta makala, wakisema kuwa hawawezi kudhamini ukweli wake. Hapo ndipo pa kutafakari: watu mashuhuri walikuwa wametia majina yao juu ya takwimu ambazo hawakupata kuziona kwa macho yao.

Sura ya tatu ya ugonjwa huu wa jina lisilo na mtu imo Nairobi. Vijana wengi waliomaliza vyuo vikuu wakakosa kazi, wenye akili nzuri na Kiingereza safi, hukesha wakiwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha zao, na wakati mwingine hata tasnifu zao, kwa ujira, na mwenye fedha hutia jina lake akapewa shahada. Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, amewachunguza vijana hao, na filamu ya mwaka 2024 imeonyesha habari zao kwa ulimwengu. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 ya kuyafanya maduka hayo ya insha kuwa kosa la jinai huko England. Mimi siwatetei vijana hao, kwa maana wameshiriki katika hadaa. Walakini nastaajabu kuona kwamba lawama nyingi humwangukia aliyeuza, ilhali aliyenunua amekaa ofisini na cheti ukutani.

Adabu nyingine nitazipitia upesi, kwa kuwa hazihitaji hoja ndefu. Makala moja haipelekwi kwa majarida mawili kwa wakati mmoja, maana wajuzi huisoma bila ya malipo, na kuwasumbua wawili kwa kazi moja ni utovu wa adabu. Utafiti mmoja haukatwikatwi vipande ili kuongeza hesabu ya makala. Aliyepewa fedha na kampuni ya dawa aseme. Maneno ya mwingine, hata yakigeuzwa lugha, ni ya mwingine, na hili nawaambia hasa wanafunzi wa hapa, ambao husoma Kifaransa na Kiingereza na Kiswahili, wakadhani kuwa kutarjumu ni kutunga. Matokeo yasiyopendeza yaandikwe kama yale yanayopendeza. Kosa likionekana baada ya makala kutoka, mwandishi amwandikie mhariri mwenyewe, asingoje kuumbuliwa. Na zile programu za akili bandia zinazoandika kama mtu, wahariri wamekubaliana mwaka 2023 kuwa haziwezi kuwa mwandishi, kwa sababu ile ile tuliyoanza nayo, kwamba haziwezi kuulizwa. Anayezitumia na aseme kuwa amezitumia, na kila uongo utakaotoka humo uwe juu yake.

Nirudi nyumbani. Tuchukue ile ila ya kahawa yetu, ambayo ni ila ya Rwanda pia, inayoifanya kahawa njema kabisa itoe ladha ya kiazi kibichi kikombeni, na ambayo wataalamu wanaihusisha na mdudu aitwaye antestia. Mtafiti anayeichunguza huenda kwa mkulima wa Muyinga, akamuuliza lini alipalilia, lini alinyunyiza dawa, alivuna vipi. Mkulima aliyezaliwa kati ya miche ile humwonyesha mdudu mahali anapojificha, na pengine humweleza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote. Kisha huletwa karatasi ya ridhaa, yenye kurasa mbili za Kifaransa, ikasomwa kwa haraka kwa Kirundi, na kidole gumba kikatiwa wino kikagandamizwa chini yake. Mimi nimeziona karatasi hizo, na alama ile ya kidole, yenye mistari yake yote wazi, mara nyingi ndiyo kitu pekee katika utafiti mzima kinachoonyesha kuwa mtu fulani, na si mwingine, alikuwapo. Tangu Tamko la Helsinki la mwaka 1964 madaktari wa dunia wamekiri kuwa mtu hafanyiwi utafiti ila kwa ridhaa yake baada ya kufahamishwa, na Burundi inayo kamati yake ya taifa ya maadili inayopaswa kuutazama utafiti wa afya kabla haujaanza. Lakini ridhaa isiyofahamika ni wino tu.

Yako pia maneno yaliyozaliwa katika mkutano wa Cape Town wa mwaka 2022 juu ya uadilifu wa utafiti, yanayosema kwamba kuwatumia watafiti wa nchi maskini kwa kukusanya habari na kuwaacha nje ya kufikiri na kuandika si kasoro ya ukarimu tu, bali ni kasoro ya uadilifu wenyewe. Nami nayaunga mkono kwa nguvu zote, nikiongeza kuwa neno hilo latupasa sisi kwa sisi kwanza, kwa kuwa profesa wa Bujumbura anayemtuma kijana wa Gitega vilimani, kisha akamsahau, hana udhuru bora kuliko wa mgeni aliyetoka Ulaya.

Basi ninyi wanafunzi mnaonisikiliza, kabla hamjakubali kazi ya kukusanya habari za mtu, ombeni iandikwe tangu mwanzo ni nani atakayeitwa mwandishi na kwa kazi gani, na mkikubaliana, itunzeni karatasi hiyo. Ninyi walimu, msimtie mtu asiyestahili hata kama ndiye atakayeipitisha tasnifu yenu. Na ninyi wazee na akina mama wa Yoba na wa Muyinga, akija mtu na maswali yake mpokeeni vizuri, mpeni kiti na kahawa, kisha nanyi mumuulize: jina lako nani, umetumwa na nani, kamati gani imekuruhusu, na utakapokwisha kuandika, nakala yetu itatufikia lini? Akishindwa kujibu, mna haki ya kumwambia hamtaki.